Uzi: Dawa za homoni ziliniondolea joto, usingizi ukagoma. Haya ndiyo niliyoandika kwenye daftari langu miezi mitano

MwalimuRau (mwanzisha uzi)

Habari za jioni ndugu zangu, hasa akina mama mliofika umri wangu. Nina miaka 52, nafundisha shule ya msingi hapa Moshi, nakaa Rau. Hedhi yangu ya mwisho niliiona mwaka juzi mwezi wa Saba. Nilipoanzishiwa dawa za homoni za ukomo wa hedhi nilitafuta sana mtu aliyeeleza kwa Kiswahili usiku wake unakwendaje akiwa kwenye dozi, nikakuta matangazo ya unga wa kubalansi homoni tu. Basi nimeona niandike mwenyewe.

Joto la Moshi mjini mwezi wa Kwanza na wa Pili mnalijua. Chandarua kimeshushwa, dirisha limefungwa kwa hofu ya wezi. Nilikuwa nashtuka saa saba usiku, moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni mpaka masikioni, moyo unakimbia. Dakika tatu nne hivi, halafu jasho, halafu baridi. Khanga niliyojifunga ungeweza kuikamua. Nikifumba macho, saa tisa napigwa tena. Mchana niko ubaoni, neno nililotaka kuandika limepotea. Siku moja mtoto wa darasa la nne akaniambia kwa upole, "Mwalimu, umeandika namba sita mara mbili." Nilitoka nje nikalia nyuma ya simtanki.

Daktari wa wanawake alinipima presha na matiti, akaniuliza kama kwetu kuna saratani, kama nimewahi kuganda damu mguuni, kama nina shida ya ini au kipandauso. Akaniandikia dawa mbili, estradioli (hiyo ndiyo estrojeni) miligramu 1 na projesteroni miligramu 100, zote kila siku. Ni mbili kwa sababu kizazi changu bado kipo. Estrojeni ikiachwa peke yake inanenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na huko mbele inaweza kuzaa saratani. Projesteroni ndiyo mlinzi wake. Dozi hiyo ni yangu, tafadhali asiinakili mtu.

Tatizo lilianzia kwenye bahasha. Pale nilipochukulia dawa, mhudumu aliandika juu ya bahasha zote mbili "1×1 asubuhi". Nami nikatii. Saa kumi na mbili na nusu nameza zote na chai, natoka. Ikifika kipindi cha pili kichwa kizito, miguu kama si yangu, nasinzia nimesimama. Usiku macho makavu. Wiki mbili nzima niliamini homoni hazinipendi, nikawa tayari kuziacha.

Kilichoniokoa ni daftari. Si daftari la maana, ni lile la mazoezi la kurasa 48. Nilichora safu nne: saa niliyopanda kitandani, saa nilizoamka na sababu (joto, mkojo, mawazo, au sijui), nilichokunywa tangu mchana, na maudhi ya siku hiyo. Siku ya 16 nilirudi nalo kliniki. Daktari alisoma ukurasa mmoja, akauliza swali moja: "Hii projesteroni unaimeza saa ngapi?"

Akanieleza kwamba projesteroni ya aina niliyopewa, ile inayofanana na ya mwili wenyewe, ikipita kwenye ini inatoa kitu kinachotuliza ubongo, na kinafanya kazi mahali palepale baadhi ya dawa za usingizi zinapofanyia kazi. Ndiyo maana inamezwa wakati wa kulala. Mimi nilikuwa najilewesha asubuhi na kwenda kazini! Tukaihamishia saa tatu na nusu usiku, estradioli ikabaki asubuhi, baada ya kula. Kuna projesteroni nyingine za kutengenezwa ambazo haziletei watu usingizi hivi, kwa hiyo uliza yako ni ipi kabla ya kuhamisha saa.

Sasa maudhi. Matiti yaliniuma kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba. Bodaboda ikiingia shimo nilikuwa nashika kifua kwa mikono miwili. Nilinunua sidiria laini isiyo na waya nikawa nalala nayo, ikasaidia. Kichefuchefu kilikoma nilipoacha kumeza estradioli na chai kavu, nikawa nakula kwanza hata kama ni ndizi mbili. Tumbo kujaa gesi lilikuja na kuondoka, sina la kusema juu yake.

Damu ndiyo iliyonitisha. Mwezi wa pili nikaona matone, mwanamke aliyekaa mwaka mzima na zaidi bila kuona chochote. Nikaambiwa kwa dozi ya kila siku matone miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo hutokea. Yakivuka miezi 6, au yakikoma kabisa kisha yakaanza upya, au damu ikiwa nyingi, hapo usikae nyumbani, unapigwa altrasaundi ya kizazi. Mimi nilichangia mwenyewe: dawa iliniishia, famasia tatu hawana, nikakaa siku tisa bila kitu mpaka nilipoifuata Arusha. Ndani ya siku hizo tisa joto lilirudi, na damu ikatoka. Tangu hapo nikifika vidonge kumi vya mwisho naanza kutafuta.

Joto lilipungua wiki ya nne, na mwezi wa tatu likabaki mara moja moja. Lakini bado nilikuwa naamka saa tisa usiku. Sijaloa, sina joto, nimeamka tu, kama mtu ananiita.

Shangazi_Ngaramtoni

Dada, umeniandika mimi. Niko mwezi wa nne wa dozi, huku kwetu kuna baridi hata sina kisingizio cha hali ya hewa. Joto limeisha. Saa tisa usiku niko macho nahesabu jogoo. Mume ananiambia dawa hazifanyi kazi niache. Wewe saa tisa yako uliifanyaje?

MwalimuRau

Pole dada yangu. Usiache kwanza, hasa usiache ghafla bila kuongea na aliyekuandikia. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonichukua muda kulielewa.

Homoni ziliondoa sababu iliyokuwa inaniamsha. Lakini kwa miaka miwili kitanda changu kilikuwa mahali pa kuhangaika, na mwili ulishajifunza hivyo. Dawa haifuti mazoea. Nilianza kulipekua daftari, na yakajitokeza mambo matatu.

La kwanza ni kahawa. Sisi tumezaliwa chini ya mibuni, kahawa tunaiona kama maji. Mama mkwe ananikaangia ya kwake, naiweka kwenye chupa, naimaliza saa kumi jioni nikisahihisha madaftari. Nikasoma kwamba kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu tu. Maana yake kikombe cha saa kumi, saa tatu usiku nusu yake bado iko kwenye damu. Nikahamisha kikombe cha mwisho kiwe saa tano asubuhi. Siku tatu za kwanza kichwa kiliniuma, ya nne kikaachia.

La pili lilikuwa Jumapili. Kila Jumapili kwenye daftari kulikuwa na alama za kuamka mara tatu au nne. Jumapili tunapanda Uru kwa wakwe, na huwezi kufika kwa wakwe ukakataa mbege. Pombe inakulaza haraka, halafu nusu ya pili ya usiku inakurudisha macho, na inatanua mishipa kiasi kwamba hata joto lililokuwa limetulia linapanda. Nilimwambia wifi yangu ukweli, kwamba niko kwenye dawa na usiku nateseka. Sasa napokea kata, naonja kwa heshima, namkabidhi wa pembeni. Hakuna aliyekasirika.

La tatu ndilo gumu. Kwa kuwa nilikuwa nachoka, nilikuwa napanda kitandani saa mbili usiku "nijilipe". Natoka saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa tisa kitandani, ninazolala ni tano na nusu, tena vipande vipande. Daktari alinipa kazi: usipande kabla ya saa nne na nusu, uamke saa kumi na moja kila siku, hata Jumamosi, mchana usilale. Ukiona umekaa macho kama dakika ishirini, toka kitandani. Usitazame saa, kadiria tu. Nenda sebuleni, taa hafifu, fanya jambo la kuchosha, rudi pale macho yanapojifunga yenyewe.

Wiki ya kwanza nilitaka kulia. Saa tatu usiku natembea ndani ya nyumba nisisinzie kwenye kochi. Saa tisa niko sebuleni nachambua maharage kwenye ungo, nimejitanda kitenge, mbwa wa jirani anabweka. Siku ya tisa nikaamka, nikaona mwanga kidogo dirishani, nikajua ni kumekucha. Nilikaa pale kitandani nikishukuru Mungu. Baada ya hapo tukawa tunaongeza robo saa kila wiki usingizi ukishikamana. Sasa napanda saa nne kamili.

Tahadhari moja: mwenye kifafa, au anayeendesha gari au mashine, asijipunguzie saa za kulala bila mtaalamu. Zile siku za mwanzo unasinzia kwelikweli.

Chumba nacho nilikitengeneza. Fundi aliniwekea wavu wa mbu kwenye dirisha lenye nondo, nikaweza kulifungua. Blanketi la manyoya nililiweka kabatini, nikaenda Kiboriloni kwenye mtumba nikachambua mashuka mawili ya pamba tupu, yale mepesi yaliyofuliwa mpaka yakalainika. Ubongo una kidhibiti chake cha joto, na estrojeni ikishuka kinakuwa mwoga, joto kidogo tu chini ya blanketi kinaona kama moto umewaka. Kwa hiyo mimi na mzee wangu sasa kila mtu na shuka lake. Mwanzoni alinuna, akadhani namkimbia. Nikamweleza yote, tangu bahasha mpaka damu. Kesho yake alikuja na waya mrefu akasogeza feni upande wangu.

BabaSakina

Habari za humu. Niko Arusha, mke wangu ana miaka 50, joto linamtesa mpaka ameacha kwenda kwaya. Kaandikiwa homoni, amezificha kabatini kwa sababu shoga yake kamwambia zinaleta kansa ya matiti. Dada mwalimu, hilo likoje? Sitaki nimlazimishe kitu kitakachomdhuru.

MwalimuRau

Shemeji, nashukuru umeuliza kwa ajili yake. Hata mimi nililala na hofu hiyo.

Maneno hayo yalivuma tangu mwaka 2002. Marekani walikuwa na utafiti mkubwa wa wanawake 16,608 wenye kizazi, wenye umri wa miaka 50 mpaka 79, nusu wanapewa estrojeni na projestini (projesteroni ya kutengenezwa) pamoja, nusu kidonge kisicho na dawa. Wakausimamisha kabla ya wakati. Kwenye kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti walikuwa 30 kwa wasiotumia dawa na 38 kwa waliotumia. Nane zaidi. Nane ni watu, siwadharau hata kidogo. Lakini redioni habari ilifika kana kwamba kila anayemeza anaugua. Tena wastani wa umri wa wale wanawake ulikuwa miaka 63, wengi wao hedhi imekoma miaka mingi nyuma, na projestini waliyopewa si aina ninayomeza mimi. Waliokuwa wametolewa kizazi wakapewa estrojeni peke yake hawakuonekana kuongezeka saratani ya matiti.

Walipochambua baadaye kwa umri, walioanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hesabu yao ya faida na hatari ilikaa vizuri zaidi. Mkeo yuko hapo. Ila kama amewahi kuugua saratani ya matiti, au kuganda damu, au kiharusi, au anatokwa damu isiyojulikana sababu, hiyo ni habari nyingine, lazima daktari ajue. Nenda naye kliniki, kaa naye ndani, mwache aulize yeye.

Binti_wa_Marangu

Shikamoo mama. Mama yangu alitolewa kizazi na vifuko vya mayai akiwa na miaka 44 kwa ajili ya uvimbe. Joto lilimwanza wiki hiyohiyo wodini. Anahitaji dawa mbili kama zako? Ana presha pia na anaumwa kipandauso. Usiku anameza piritoni mbili ndiyo alale.

MwalimuRau

Marahaba mwanangu. Asiye na kizazi kwa kawaida hupewa estrojeni tu, kwa sababu hakuna ukuta wa kulinda. Na aliyetolewa mayai akiwa na miaka 44 homoni zimekatika siku moja, hazikushuka polepole kama zangu, ndiyo maana joto lilimvamia hivyo. Kwa umri ule madaktari wengi hupendelea apewe mpaka afike angalau umri wa kawaida wa kukoma hedhi, miaka 50 hivi, kwa ajili ya mifupa na moyo pia. Kama hakuna aliyemwambia, rudini mkaulize.

Kuhusu presha na kipandauso, ulizieni estrojeni ya kupitia ngozi, jeli au kibandiko. Kidonge kinapita kwanza kwenye ini na kinaongeza uwezekano wa damu kuganda. Ya ngozi kwa dozi ya kawaida haijaonekana kuongeza hivyo. Mimi jeli sijaiona kwenye famasia nilizopita hapa Moshi, itabidi mtafute. Akipata, apake mkononi au pajani, iachwe ikauke, na mjukuu asiiguse ngozi hiyo mpaka ipite angalau saa moja.

Piritoni ni dawa ya mafua na mzio. Inasinzisha, lakini asubuhi inamwacha na kichwa kizito, na kwa mtu anayezeeka inavuruga kumbukumbu na kumwangusha akiamka kwenda chooni. Usimkaripie. Mwambie anaweza kupata msaada bora kuliko huo.

Muuguzi_mstaafu

Nimesoma uzi wote kwa makini. Hongera mwalimu. Naongeza machache niliyoyaona kazini miaka mingi.

Mweleze daktari dawa ZOTE unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, zinaisukuma homoni itoke mwilini haraka, mtu anameza na joto haliondoki. Anayemeza thairoksini kwa ajili ya tezi la shingo akianza estrojeni ya kidonge, dozi ya tezi inaweza kuhitaji kupandishwa, arudie kipimo. Na vidonge vya uzazi wa mpango vilivyobaki kabatini kwa binti yako si mbadala wa hizi. Estrojeni yake kwa kawaida ina nguvu zaidi na kwa umri wetu inaweza kuleta shida.

Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, au kifua kikakubana, pumzi ikakata ghafla, nusu ya uso ikalegea: hapo hakuna kusubiri asubuhi. Hospitali usiku huohuo.

La mwisho, akina mama tukikoma hedhi kukatika pumzi usingizini kunaongezeka. Anayekoroma, anayeshtuka kama anapaliwa, anayeamka na kichwa kinauma, homoni peke yake haitamtibu. Wengi wanaambiwa ni ukomo wa hedhi, miaka inapita. Na miguu ikiwa inatambaatambaa jioni huwezi kuituliza, pimeni madini ya chuma.

MwalimuRau

Asante sana mama. Hilo la kukoroma sikulijua. Usiku huu namuuliza mzee wangu.

Shangazi_Ngaramtoni

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilinunua daftari. Kahawa sinywi jioni, ila nimegundua chai ya rangi nilikuwa nakunywa vikombe vitatu usiku, nimeiacha. Projesteroni nilikuwa nameza saa kumi na mbili jioni na dawa ya presha ili nisisahau, muuguzi wa kliniki amenisogezea saa tatu na nusu. Napanda saa nne na nusu. Wiki hii nimelala usiku nne kati ya saba mpaka alfajiri. Usiku mitatu bado nimeamka, na hapo ndipo nina swali. Mume anasema hizo siku tatu alinisikia nikikoroma halafu kimya, halafu nikavuta pumzi kwa nguvu kama nimetoka kwenye maji.

MwalimuRau

Usiku nne! Dada, nimefurahi mpaka nimemwita mzee wangu aje asome.

Hayo ya mwisho yaandike hivyohivyo kwenye daftari, kwa maneno ya mumeo, na tarehe. Mwombe akurekodi kwa simu dakika chache akikusikia tena. Halafu nenda na mumeo kliniki, maana wewe hukuyasikia, yeye ndiye shahidi. Mwambie daktari una presha pia, usisubiri akuulize. Projesteroni endelea saa hiyohiyo uliyopangiwa mpaka wakuone.

Unakwenda lini?

Shangazi_Ngaramtoni

Alhamisi. Mume ameshaomba ruhusa kazini.